Mbwa Ameota Uvimbe: Sindano Kwanza, Kisu Baadaye

Mara nyingi mkono ndio unaougundua kabla ya jicho. Unamkuna mbwa ubavuni, kidole kinajikwaa kwenye kitu cha ukubwa wa njegere ambacho wiki iliyopita hakikuwapo, au kilikuwapo ila hakuna aliyekigusa. Hapo watu hugawanyika. Mmoja atasema ni mafuta tu, mwache azeeke nayo. Mwingine atakosa usingizi akimhesabia mbwa siku zake. Wote wawili wameshatoa hukumu, na ushahidi bado uko chini ya ngozi.

Tatizo la uvimbe wa mbwa ni kwamba vitu vinavyofanana kwa nje vina tabia tofauti kabisa kwa ndani. Uvimbe laini, unaoteleza chini ya ngozi, usiouma, waweza kuwa mafuta matupu. Mwingine wenye mguso uleule waweza kuwa saratani ya seli za masti, aina ya seli za kinga za mwili. Daktari wa mifugo mwenye miaka thelathini kazini hawezi kuitenganisha hiyo miwili kwa vidole, na akikwambia anaweza, muulize mara ya mwisho alikosea lini. Anachoweza ni kuchoma sindano nyembamba, kuvuta seli chache na kuzitazama kwenye hadubini. Ni kazi ya dakika chache, na kwa sehemu kubwa ya uvimbe wa ngozi haihitaji hata ganzi.

Kwa nini jina la uvimbe lijulikane kabla ya kuugusa kwa kisu? Kwa sababu tiba zinapingana. Jipu hupasuliwa likamwagwa usaha. Histiositoma ya mbwa mchanga, kitufe cha ngozi kisicho saratani, huachwa ijiondokee. Limfoma, saratani ya tezi za limfu, hutibiwa kwa dawa, na kisu hakiiwezi. Uvimbe wa seli za masti hukatwa kwa upana mkubwa kuliko mtu angedhani. Uvimbe wa mafuta mara nyingi hauguswi kabisa. Anayekata kwanza na kuuliza baadaye atapatia baadhi, na atakapokosea mbwa ndiye atakayerudi mezani.

Kwanza, je, ni uvimbe kweli?

Dume ana chuchu. Hili huwashangaza watu wengi: mbwa wa jinsia zote huwa na chuchu nane hadi kumi katika mistari miwili tumboni, na si haba zilizowahi kuchunwa kwa koleo zikidhaniwa kupe. Kupe mwenyewe, akishashiba, huwa kama punje ya kijivu yenye kung'aa. Mmulike kwa tochi mahali anapogusana na ngozi na utaona miguu. Ncha ya ubavu wa mwisho, ncha ya kidari katikati ya kifua, na nundu ya mfupa nyuma ya kichwa navyo huwatisha watu bila sababu.

Njia rahisi ya kupima ni kugusa upande wa pili. Kitu kilicho kulia kikiwa na mwenzake kushoto, mahali palepale na kwa ukubwa uleule, kwa kawaida ni maumbile. Ila kanuni hii ina mtego mmoja mbaya, nao ni mitoki. Tezi za limfu zimepangwa kwa jozi: chini ya pembe za taya, mbele ya mabega, makwapani, kinenani, na nyuma ya magoti. Kwa mbwa mzima, ile ya nyuma ya goti yaweza kupapaswa kama punje ya haragwe. Zikivimba zote kwa pamoja, zikawa ngumu na zisiume, ulinganifu huo ndio dalili yenyewe, kwa kuwa hivyo ndivyo limfoma inavyojionyesha kwa mbwa wengi. Mbwa huyo anaweza kuwa bado anakula na kucheza kama kawaida. Asisubiri mwezi, apelekwe ndani ya siku chache, na asipewe dawa yoyote ya jamii ya steroidi kabla ya tezi kuchomwa sindano. Sababu inakuja mbele.

Pima, andika, weka alama

Kumbukumbu ya kidole ni dhaifu. Mtu anayemgusa mbwa wake kila siku ndiye wa mwisho kuona uvimbe ukikua, maana hukua mbele yake kidogokidogo. Kwa hiyo bana ngozi kwa kidole gumba na cha shahada pande mbili za uvimbe, weka rula, soma kwa milimita. Geuza rula nyuzi tisini, soma tena. Andika tarehe, vipimo vyote viwili, na mahali ulipo kwa namna ambayo mtu mwingine angeupata: "kifua kushoto, vidole vitatu nyuma ya kwapa". Chora umbo la mbwa kwenye karatasi na utie nukta. Piga picha rula ikiwa kando ya uvimbe. Picha isiyo na kipimo haina msaada.

Milimita hizo zina maana kuliko zinavyoonekana. Uvimbe wa mviringo uliotoka sentimita 1 hadi 2 haujaongezeka mara mbili. Ujazo wake umeongezeka mara nane. Ndiyo maana "umekua kidogo tu" ni taarifa ambayo daktari hawezi kuifanyia kazi, ilhali "12 kwa 10 tarehe 3, 17 kwa 15 tarehe 30" inamwambia asimame.

Papasa pia unavyotembea. Je, unasogea pamoja na ngozi, unateleza chini yake, au umeshikamana na nyama na mfupa? Ulioshikamana unatia shaka zaidi, ingawa unaoteleza haujasamehewa. Je, una joto? Unauma? Nywele zimenyonyoka juu yake? Kuna kidonda? Na lililo muhimu kupita yote haya: je, huwa unavimba na kupungua, leo mkubwa kesho mdogo? Watu hufurahi unapopungua. Tutaona kwamba huo ndio unaopaswa kuharakishwa.

Siku ya kwenda kliniki, nyoa au punguza nywele juu ya uvimbe na uuzungushie kalamu ya wino mzito. Mbwa akilazwa ubavu, ngozi husogea, na uvimbe mdogo uliokuwa wazi akiwa amesimama hupotea kabisa. Daktari hutumia robo saa akiutafuta, mbwa amechoka, na mwishowe wote wanakubaliana kungoja.

Lini kwenda? Madaktari wengi wa saratani za wanyama hutumia kipimo chepesi: uvimbe uliofika sentimita 1, au uliokaa mwezi mzima bila kuondoka, uchomwe sindano. Chini ya hapo waweza kuupima kila wiki. Lakini kuna usiongoja mwezi: unaokua ndani ya siku, uliopasuka au kutoa damu, ulio mdomoni, kwenye kidole cha mguu, kwenye titi, au ulio kwenye mfupa wa mguu wa mbwa mkubwa anayechechemea. Huyo wa mwisho apigwe eksirei kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu saratani ya mfupa hujificha nyuma ya kuchechemea kunakodhaniwa ni kuteguka. Uso uliovimba wote ndani ya saa chache ni kisa kingine. Huenda ni nyuki au nyoka, na ni dharura ya papo hapo, hasa mbwa akihema kwa shida.

Baadhi ya wanaojificha chini ya ngozi

Jipu ndilo lenye haraka. Mbwa aliyeng'atwa katika ugomvi huota uvimbe wenye joto, unaouma, siku chache baadaye, na mara nyingi ana homa na hataki kula. Huiva, hulainika katikati, hupasuka. Likipona kwa dawa kisha likarudi palepale, kuna kitu ndani: mbegu ya nyasi iliyochoma na kusafiri, kipande cha kijiti, au mzizi wa jino. Uvimbe unaojirudia chini ya jicho, kwa mfano, asili yake mara nyingi ni jino kubwa la shavu la taya ya juu lililooza mzizi, na antibayotiki zitaunyamazisha kwa wiki mbili tu kila mara hadi jino litolewe. Uvimbe kando ya njia ya haja, ukilinganisha na uso wa saa penye namba 4 au namba 8, huwa ni kifuko cha haja kilichoziba, ingawa pahala hapo pana saratani yake pia.

Katika nchi za joto za Afrika kuna nzi wa tumbu, ambaye kiluwiluwi chake huingia ngozini na kuota kama kijipu chenye tundu dogo katikati. Vikiwa vingi tumboni na kwenye korodani, mbwa anayelala kwenye mchanga au matandiko yenye unyevu, shuku hilo. Tundu hupakwa mafuta mazito ya mgando ili funza akose hewa, kisha hutolewa mzima polepole. Akikatika akabaki ndani, huwa jipu la kweli.

Uvimbe wa mafuta huwapata zaidi mbwa wa makamo na wazee, hasa wanene. Ni laini, una mpaka, hauumi, hukua taratibu kwa miaka. Ukishathibitishwa kwa sindano, hupimwa kila baada ya miezi michache na kuachwa. Hukatwa unapozuia mwendo, hasa kwapani, au unapobadili kasi. Kuna aina yake inayopenya katikati ya nyuzi za msuli, na hiyo humpa mpasuaji kazi kubwa, lakini si ya kawaida.

Histiositoma ni kitufe chekundu, kisicho na nywele, kinachochomoza ghafla kichwani, sikioni au mguuni mwa mbwa ambaye kwa kawaida hajafika miaka mitatu. Inatisha, inakua haraka, kisha mwili wenyewe huitambua na kuifuta ndani ya miezi miwili au mitatu. Chunjua za mdomoni kwa watoto wa mbwa nazo ni za virusi na hujiendea. Usizifunge uzi zikatike. Zinazofungwa hivyo huoza, na kama haikuwa chunjua, umeacha mzizi ukakata kichwa.

Sasa seli za masti. Hizi ni seli za kawaida za kinga zilizojaa histamini, zilezile zinazofanya ngozi ivimbe ukiumwa na mdudu. Zikigeuka saratani huendelea kubeba mzigo huo. Ndiyo maana uvimbe wake hutanuka na kunywea: ukibanwa au kukwaruzwa, seli humwaga histamini, ngozi inayozunguka huwa nyekundu na kuvimba, kisha baada ya siku hutulia. Mwenye mbwa huona umepungua na kushukuru. Histamini ikiwa nyingi husafiri kwenye damu hadi tumboni na kuchochea asidi, ndipo mbwa anatapika au kutoa choo cheusi kama lami. Miongoni mwa saratani za ngozi ya mbwa, hii ndiyo inayoonekana zaidi, na Boxer, Pug, Boston Terrier, Labrador na Golden Retriever huongoza kwa kuipata, ingawa mbwa asiye na ukoo unaojulikana hajasalimika. Haina sura moja. Yaweza kuwa kipele, kidonda, uvimbe mgumu, au donge laini ambalo kila mtu ataapa ni mafuta. Kama kuna sababu moja tu ya kuchoma sindano kila uvimbe wenye sentimita 1, ni hii.

Titi lina taratibu zake. Jike ana jozi tano za matiti, na takriban nusu ya uvimbe unaoota humo ni saratani. Hapa sindano husaidia kidogo kuliko kwingineko, maana seli chache hazionyeshi vizuri kama uvimbe ni mwema au mbaya. Kwa kawaida kifua hupigwa eksirei, kisha uvimbe hukatwa wote na kupelekwa maabara. Ukikatwa kabla haujafika sentimita 3, matarajio huwa mazuri zaidi. Pana onyo moja: titi zima likiwa jekundu, la moto, gumu na linauma sana kwa jike asiyenyonyesha, usiseme ni uvimbe wa maziwa, kuna saratani ya namna hiyo, na kisu huizidisha. Kuhusu kinga, utafiti wa Marekani uliochapishwa 1969 ulionyesha kwamba jike aliyetolewa kizazi kabla ya joto la kwanza, yaani kipindi cha kutaka dume, alikuwa na asilimia 0.5 ya hatari aliyonayo asiyetolewa, asilimia 8 baada ya joto la kwanza, na asilimia 26 baada ya la pili. Uzito wa ushahidi huo umehojiwa baadaye, na kwa mbwa wa maumbo makubwa kutoa kizazi mapema kuna gharama zake kwenye viungo, kwa hiyo ni mazungumzo ya kufanya na daktari wa mbwa wako.

Kisha kuna uvimbe wa zinaa, wa ajabu kuliko wote. Huota sehemu za siri za dume au jike, wakati mwingine puani, kama koliflawa nyekundu inayodondosha damu. Seli zake si za mbwa aliyeugua. Ni seli za mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, zinazohama kutoka mwili hadi mwili kwa kupandana na kulambana. Seli ya mbwa ina kromosomu 78, ya uvimbe huu ina 57 hadi 59. Kwenye hadubini hutambulika haraka, na tiba yake ni dawa ya vinkristini kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki nne hadi sita. Wengi hupona kabisa. Aliyekimbilia kuukata hupata damu nyingi, kovu, na uvimbe uleule baada ya miezi.

Sindano inavyofanya kazi, na inavyodanganya

Vifaa ni vya kawaida: sindano ya geji 22 au 23, bomba la mililita 5 au 10, vioo vya slaidi. Ngozi hupanguswa, uvimbe hushikwa imara kwa vidole viwili. Sindano huingizwa, na ama huchezeshwa mara kadhaa bila kuvutwa, ama bomba huvutwa ili seli zipande. Ncha hubadilishwa mwelekeo mara tatu au nne ndani ya uvimbe. Kisha jambo dogo linaloharibu sampuli nyingi: bomba lazima liachiwe kabla sindano haijatoka. Likiwa bado linavuta, seli hurushwa ndani ya pipa la bomba na hazipatikani tena, au damu ya njiani huingia na kuzizamisha. Sindano ikishatoka, huchomolewa, bomba hujazwa hewa, sindano hurudishwa, na kilichomo hupulizwa juu ya kioo na kusambazwa taratibu kwa kioo kingine. Hukaushwa kwa hewa na kutiwa rangi.

Vioo hivyo visifungashwe pamoja na chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya nyama. Mvuke wake hupenya na kuharibu namna seli zinavyoshika rangi, na sampuli nzuri hufika maabara ikiwa haisomeki. Kosa hili ni la kawaida sana pale vipande vya nyama na vioo vinapotumwa kwa bahasha moja.

Majibu yana namna tatu za kupotosha. Ya kwanza ni mafuta. Sindano ikipita pembeni ya uvimbe itavuta mafuta ya kawaida yaliyo chini ya ngozi ya kila mbwa, na kioo kitaonyesha matone ya greisi yasiyokauka, kama uvimbe wa mafuta hasa. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: una hakika sindano ilikuwa ndani? Uvimbe mgumu uliotoa mafuta uchomwe tena. Ya pili ni damu tupu au kioo kitupu. "Hakuna kilichoonekana" haimaanishi hakuna kitu. Baadhi ya sakoma, yaani saratani za misuli, mifupa na nyama za kuunganisha, hushikilia seli zake na hazitoki kwa sindano. Hizo huhitaji kipande cha nyama. Ya tatu ni usaha na seli za maambukizi ya kawaida, kwa sababu saratani iliyopasuka huweza kuambukizwa juu yake. Kama dawa za siku kumi hazikuufuta, rudini kwenye sindano.

Je, sindano husambaza saratani? Swali hili huulizwa kila siku. Kwa uvimbe wa ngozi hatari hiyo ni ndogo mno kuilinganisha na hatari ya kutojua. Mahali panapoogopwa kwa haki ni kibofu cha mkojo, ambako seli zimewahi kuota kwenye njia ya sindano, na huko madaktari hutumia njia nyingine.

Yasiyofanywa nyumbani

Usiukamue. Ukiwa wa seli za masti, unamwaga histamini. Ukiwa kifuko chenye uji mweupe kama dawa ya meno, kinapasukia ndani na kuwasha nyama yote jirani. Usiupake oili chafu, asidi, wala dawa ya meno. Usimpe ibuprofeni au diklofenaki: tumbo la mbwa halizihimili, na aliye na histamini nyingi tayari yuko nusu njia ya kidonda cha tumbo. Parasetamoli huweza kumharibia ini na damu.

Na prednisoloni, ile steroidi iliyo kwenye kabati la kila mwenye mbwa anayejikuna, ndiyo mharibifu mkubwa wa ushahidi. Huyeyusha limfoma na kusinyaza uvimbe wa seli za masti kwa muda. Uvimbe hupungua, sindano huleta majibu ya mashaka, na wiki chache baadaye saratani inarudi ikiwa imeshajifunza kuihimili dawa. Limfoma iliyotangulizwa steroidi kwa wiki kadhaa huitikia tiba kwa ugumu zaidi. Dawa hii ina kazi yake, lakini baada ya jina la ugonjwa kujulikana.

Kisu, kikifika zamu yake

Upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi bora. Ukiacha seli, unaofuata unakata kovu zima na kila mahali kisu cha kwanza kilipopita, kwenye ngozi iliyobaki haba. Ndiyo sababu jina hutangulia. Uvimbe wa mafuta hung'olewa kwa kuufuata ukingo wake. Wa seli za masti hukatwa pamoja na sentimita 2 hadi 3 za ngozi nzima kila upande, na tabaka moja zima la utando wa msuli chini yake. Fanya hesabu: uvimbe wa sentimita 2 na ukingo wa sentimita 3 kila upande ni jeraha la sentimita 8. Ubavuni ngozi ipo. Kwenye kifundo cha mguu haipo, na hapo mipango mingine huja: mionzi, au sindano ya tigilanoli, dawa itokanayo na mbegu za mti wa msitu wa Queensland, Australia, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2020, ambayo huua uvimbe na kuuacha udondoke, ukiacha jeraha linalohitaji wiki kadhaa kufunga.

Kabla ya nusu kaputi, tezi za limfu za jirani huchomwa sindano hata kama hazijavimba, damu hupimwa, na kwa saratani zinazopenda mapafu kifua hupigwa eksirei kwa pande tatu. Kikatwacho chote kiende maabara, hata kilichoonekana chema mezani, ndani ya fomalini ya asilimia 10 kwa ujazo mara kumi ya nyama yenyewe. Kipande kikubwa kilichobanwa kwenye kichupa kidogo huoza katikati kabla dawa haijafika. Kingo zitiwe wino ili mwanapatholojia ajue ni upande gani kisu kilipita karibu.

Ripoti ikirudi, soma vitu vitatu: jina, daraja (kiwango cha ukali), na kingo kwa milimita. Kwa seli za masti utakuta daraja la 1 hadi 3 kwa mfumo wa mwaka 1984, au la chini na la juu kwa mfumo wa 2011. Maabara nyingi huandika yote mawili. Daraja la chini lenye kingo safi mara nyingi huishia hapo. Kingo zenye seli zinataka uamuzi mapema, kovu likiwa bado jipya.

Nyumbani, mbwa avae kola ya plastiki hadi nyuzi zitolewe, siku ya 10 hadi ya 14. Aoge baada ya hapo. Atoke kwa kamba fupi, asiruke. Jeraha litazamwe asubuhi na jioni: majimaji safi yanayojaa chini ya ngozi siku ya tatu au ya nne, bila joto wala maumivu, kwa kawaida hunyonywa na mwili wenyewe, lakini wekundu unaopanuka, harufu, au mshono unaoachana ni safari ya kliniki siku hiyohiyo.

Hifadhi nakala ya ripoti pamoja na ule mchoro wenye nukta. Mbwa aliyeota uvimbe mmoja wa mafuta huenda akaota mwingine, na aliyekuwa na wa seli za masti anaweza kupata mpya kabisa mahali pengine usio na undugu na wa kwanza. Nukta ya sita huchomwa sindano yake hata kama tano zilizotangulia zilikuwa mafuta.